Gito na Deni la Nyumbani

Katika historia ya sinema ya Burundi, mwaka 1992 una nafasi ya pekee. Mwaka huo ilitolewa Gito l'ingrat, yaani "Gito Asiye na Shukrani", filamu ndefu ya hadithi ya kwanza kuongozwa na Mrundi. Mwongozaji wake ni Léonce Ngabo, ambaye pia ni mwanamuziki.

Kisa chenyewe ni chepesi. Gito, anayeigizwa na Joseph Kumbela, amehitimu masomo mjini Paris. Anarejea Bujumbura, uliokuwa mji mkuu wakati ule, akiamini kwamba shahada yake itampatia uwaziri. Kazi haipatikani. Ufaransa amemwacha mpenzi wake Christine na ahadi ya kumwita. Nyumbani anarudiana na Flora, mpenzi wake wa tangu ujana. Christine anapofika bila taarifa, wanawake hao hawagombani, bali wanashirikiana kumtia Gito adabu.

Watazamaji hucheka. Lakini nyuma ya kicheko hicho liko swali zito: mtoto aliyesomeshwa anadaiwa nini, na nani?

Ili tulielewe swali hilo, yafaa tukumbuke makazi ya Warundi. Kwa desturi, mashambani hapakuwa na vijiji vya nyumba zilizosongamana. Kila familia ilikaa katika urugo wake, yaani boma lenye ua, kati ya migomba, na maboma mengi yalienea juu ya kilima kimoja. Kilima ndicho kilichokuwa kijiji. Mtoto aliyekwenda shule alichukua matumaini ya kilima kizima.

Wengine watamhukumu Gito kwa methali isemayo, mwacha asili ni mtumwa. Sisi twaona inayomfaa zaidi ni hii: mshika mawili moja humponyoka. Kukosa kazi si kosa lake. Kosa lake ni kudhani kwamba elimu ni mali yake peke yake.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi. Hata hivyo Ngabo hakuiacha sinema: mwaka 2009 alianzisha mjini Bujumbura tamasha la filamu liitwalo FESTICAB.

Walimu wenzetu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: waeleze urugo kwa Kiswahili. Je, ni boma, kaya, au nyumbani? Wakishindana juu ya neno hilo, watakuwa wamekwisha kuanza kujadili deni la Gito.