Nani atangulie kutoa siri?

Jamani, hebu fikirieni. Mimi nina siri, wewe una yako, kila mmoja anaitaka ya mwenzake na hatuaminiani. Nani atangulie? Ukitangulia wewe, mimi nakata simu na kuondoka na zote mbili. Sisi waandishi tunaujua mchezo huu, maana nyaraka hubadilishwa kwa nyaraka, na aliyetangulia mara nyingi ndiye anayelia.

Kumbe wanahisabati nao iliwanyima usingizi. Mwaka 1981 Manuel Blum, mzaliwa wa Venezuela aliyekuwa akifundisha Berkeley, Marekani, alieleza namna ya kurusha shilingi kwa simu bila kudanganyana. Mfano wake ulinichekesha: mume na mke wametalikiana, wanaishi miji tofauti, na wanataka kuamua nani achukue gari!

Mwaka 1983 akaja na dawa ya siri zenyewe. Msikabidhiane kwa mkupuo, bali kipande kwa kipande, biti moja yako, biti moja yangu, huku kila mmoja akithibitisha kuwa kipande alichotoa ni cha kweli. Mwenzako akikimbia katikati, amekuzidi biti moja tu. Yeye zikimbakia 10 za kubahatisha ana majaribio 1,024, wewe uliyebaki na 11 unayo 2,048. Umeumia, lakini hujafilisika.

Ila hapo pana mtego. Hesabu hiyo inadhani kompyuta zenu zina nguvu sawa. Mwenzako akiwa na mashine ya kasi mara elfu ya yako, anakimbia mapema, anabahatisha zilizobaki, na wewe unabaki na kompyuta yako inayozunguka hadi wajukuu wazaliwe. Yaani haki ya maskini na tajiri ilipimwa kwa kasi ya mashine.

Kisha mwaka 1986 Richard Cleve akamwaga maji kwenye moto. Alithibitisha kwamba hata hiyo shilingi, watu wawili peke yao hawawezi kuirusha kwa haki kamili. Anayekatisha mchezo kabla ya mwenzake hupata upendeleo fulani. Kuongeza mizunguko kunaupunguza tu, hakuumalizi.

Ndipo akarudishwa mtu wa kati. Mwaka 1997 Asokan, Schunter na Waidner walipendekeza msuluhishi anayeachwa alale, aamshwe ugomvi ukitokea tu, kama mjumbe wa nyumba kumi. Safi sana. Lakini huyo mjumbe anateuliwa na nani?