Uliza ng'ombe ametoka boma gani, na kerneli pia

Ukienda soko la mifugo Emali ama Bisil upate ng'ombe mzuri kwa bei poa, mzee wa huku kwetu hataanza na unono. Ataangalia chapa na mkato wa sikio, halafu aulize: huyu ametoka boma gani? Hakuna mtu atamcheka. Sasa mbona sisi vijana tunapakua msimbo chanzo wa mfumo endeshi mzima na kuanza kukompaili bila kuuliza swali hilo?

Tabia hii ina historia yake. Kabla ya 2009, intaneti yetu ya kimataifa ilipitia satelaiti na ilikuwa ghali sana. Ubuntu walikuwa wakituma CD za bure kwa posta, kuanzia 2005 hadi 2011, na CD moja ilipita mkono hadi mkono. Nyaya za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa 2009, kasi ikaja, lakini mazoea yakabaki. Siku hizi ni flashi ya msee fulani ama linki ya WhatsApp. Bado tunaamini mkono unaotupa.

Wenye kerneli wenyewe walifunzwa na matukio. Novemba 2003, mtu aliingiza mistari miwili kwenye nakala moja ya msimbo wa Linux. Ilionekana kama ukaguzi wa kawaida, lakini palipofaa kuwa na alama mbili za usawa aliweka moja tu. Hiyo moja ingempa mtu wa kawaida mamlaka ya root. Ilikamatwa kwa sababu nakala ile haikulingana na hifadhi kuu.

Agosti 2011 ikagunduliwa kwamba wavamizi wameingia kwenye seva za kernel.org. Tovuti ilifungwa kwa wiki kadhaa. Msimbo wenyewe ulisalimika, maana Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha 2005, hupa kila faili na kila badiliko alama yake ya hesabu. Ukigusa herufi moja, alama inabadilika, na maelfu ya watu wenye nakala zao wataona. Baada ya hapo wakaanza kusisitiza zaidi sahihi za PGP.

Februari 2016 ikawa zamu ya Linux Mint. Wavamizi walibadilisha linki za tovuti, watu wakapakua toleo lenye mlango wa nyuma. Funzo ni hili: namba ya SHA-256 iliyo ukurasa mmoja na faili haitoshi. Anayeweza kubadilisha faili anaweza kubadilisha na namba. Sahihi ni tofauti, kwa sababu ufunguo wa siri haukai kwenye tovuti.

Na hata sahihi ina mipaka, tusidanganyane. Machi 2024, Andres Freund aligundua mlango wa nyuma kwenye xz 5.6.0 na 5.6.1. Aliyetoa matoleo hayo alikuwa msimamizi halali wa mradi. Kipande kilichowasha sumu kilikuwa ndani ya kifurushi cha kupakua, lakini kwenye hifadhi ya Git hakikuwepo. Aliyejenga kutoka Git moja kwa moja hakukipata.

Kwa hivyo, ukitaka kerneli, nenda kernel.org yenyewe. Chukua kifurushi cha .tar.xz pamoja na faili ndogo ya .sign. Fungua xz kwanza, ndipo uendeshe gpg --verify, kwa sababu sahihi ni ya .tar, si ya .tar.xz. Wengi hukosea hapo, wanaona sahihi imekataa, wanapuuza na kuendelea. Ukitumia Git, weka --depth 1 ili usivute historia yote, ambayo inapita GB 1, halafu hakiki tagi kwa git verify-tag.

Najua mtaniambia bando ni ghali. Ni kweli, na huku Mashuuru mtandao ukikatika katikati, roho inauma. Lakini faili ya sahihi haifiki hata KB 2. Kinachokula bando ni kerneli yenyewe, na hiyo umeshailipia. Kuacha kuhakiki hapo ni kama kumlipia ng'ombe, kumswaga hadi nyumbani, halafu ungoje mwenyewe aje na chifu ndio uangalie chapa.