Jambazi, Mfalme, Shujaa: Magazeti ya Dunia Yalivyomwandika Mirambo

Desemba 2, 2024 ilitimia miaka 140 tangu Mtemi Mirambo wa Urambo afariki dunia. Hapa Tabora jina lake halina haja ya kutafutwa, kwani kambi ya jeshi inaitwa Mirambo. Ukishuka Dar es Salaam utakuta ofisi za Benki Kuu ziko Mtaa wa Mirambo namba 2. Mtu ambaye gazeti la New York lilimtangaza kuwa mnyang'anyi wa njia ya misafara, leo jina lake limo kwenye anwani ya taasisi inayotunza fedha za nchi nzima. Sijui kama wenye benki wamewahi kulicheka jambo hilo. Mimi nimelicheka, kisha nikarudi kwenye vitabu.

Vyuoni kuna somo linaloitwa uchanganuzi wa diskosi. Wanaolifundisha hutaja majina kama Norman Fairclough wa Uingereza na Teun van Dijk wa Uholanzi, na kazi yao kwa ufupi ni kuyahoji maneno ya habari: nani kapewa nafasi ya kusema, nani kasemewa, tendo lipi limeitwa vita na lipi limeitwa fujo, na nani ananufaika na jina hilo. Mwaka 1965, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge walichunguza jinsi magazeti manne ya Norway yalivyoandika migogoro ya Kongo, Kuba na Saiprasi, na hadi leo makala yao husomwa na kila anayechunguza habari za kimataifa. Kongo ya Galtung ni jirani yetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Lakini kuna mfano ulioitangulia makala hiyo kwa karibu miaka 100, nao uko Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini.

Msomaji ajue mapema kwamba katika mengi yafuatayo namfuata Norman Bennett, mwanahistoria wa Marekani aliyekusanya barua ambazo Henry Morton Stanley alilipelekea gazeti la New York Herald, akazitoa katika kitabu mwaka 1970, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kizima juu ya Mirambo. Bennett huyu asichanganywe na James Gordon Bennett, mwenye gazeti, aliyemtuma Stanley kumtafuta mmisionari David Livingstone.

Stanley alifika Unyanyembe, nchi inayouzunguka mji wa Tabora, Juni 1871. Hapo ilipita njia kuu ya zama hizo: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Unyanyembe, kisha Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilipanda bara, nyingi zikiwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kwa ujira. Waarabu wa Tabora, chini ya liwali Said bin Salim, walimpokea Stanley vizuri wakampa nyumba ya tembe huko Kwihara. Mtemi wa Unyanyembe, Mkasiwa, alikuwa upande wao. Upande wa magharibi alikuwako Mirambo, kijana wa miaka 30 hivi, mtoto wa mtemi mdogo wa Uyowa, ambaye kwa vita na ujanja alikuwa ameunganisha tawala kadhaa na kujiwekea jeshi la wapiganaji walioitwa ruga-ruga.

Ugomvi ulianzia kwenye hongo, yaani malipo ya kupita katika nchi ya mtemi. Stanley mwenyewe anaeleza kwamba Mirambo alisimamisha msafara uliokuwa ukielekea Ujiji akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na mitumba mitano ya nguo. Alipokwisha kulipwa akawaambia warudi walikotoka, na kwamba tangu siku hiyo hakuna msafara wa Mwarabu utakaopita nchini mwake. Waarabu wakakaa shauri, wakaamua kupigana. Stanley, ambaye shida yake ilikuwa njia ya Ujiji, akaingia vitani pamoja nao na watu wake wenye bunduki.

Hapo ndipo mchanganuzi wa diskosi angechukua kalamu nyekundu. Mwandishi wa habari amekuwa mpiganaji. Barua atakazotuma Marekani juu ya vita hivi zitakuwa barua za upande mmoja wa vita, lakini msomaji wa New York atazisoma kama taarifa za shahidi.

Hata ushahidi wenyewe una matobo. Mwanzoni mwa Agosti jeshi la Waarabu na wenzao, zaidi ya watu elfu mbili kwa hesabu ya Stanley, liliteka kijiji cha Zimbizo. Baada ya hapo mmoja wao, Soud bin Sayd, akachukua watu 500 kwenda Ulyankulu, ngome ya Mirambo mwenyewe. Mirambo akawaachia waingie, wateke pembe na watu, na walipokuwa wakirudi wamelemewa na mateka akawaibukia kwenye majani marefu. Soud akauawa na wengi wa waliokuwa naye. Stanley hakuyaona hayo kwa macho, kwa sababu alikuwa Zimbizo amelala na homa. Siku iliyofuata jeshi zima lilitimua mbio kurudi Unyanyembe, na yeye akakimbia nalo.

Agosti 22 Mirambo akaja Tabora kwenyewe. Khamis bin Abdullah, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa waliochochea vita, akatoka kumkabili na watu wapatao themanini. Mirambo akarudi nyuma polepole kama anayeshindwa, kisha akageuka. Watu wa Khamis wakamkimbia, akauawa, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Stanley ameieleza siku hiyo kwa undani wa kutisha, hadi namna maiti zilivyokatwa kwa ajili ya dawa. Lakini alikuwa Kwihara. Aliona moshi na kusikia bunduki. Yaliyobaki aliambiwa na wakimbizi waliofika wakitetemeka. Akatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe, akapandisha bendera ya Marekani, akasubiri shambulio ambalo halikuja. Mirambo alikwenda zake. Nakiri kwamba kila nikisoma ukurasa wa bendera ile nashindwa kumwonea huruma Stanley.

Nenda sasa kwenye tarehe. Barua ya kwanza ya Stanley kutoka Kwihara iliandikwa Julai 4, 1871. Ilibebwa hadi pwani, ikavushwa Unguja, ikangoja meli, na ikachapishwa New York Desemba 22. Siku ile wasomaji walipokuwa wakifuata habari za msafara unaopumzika Unyanyembe, Tabora ilikwisha kuungua miezi minne nyuma, na kwa hesabu ya Stanley mwenyewe ulikuwa mwezi mzima na zaidi tangu akutane na Livingstone. Katika pengo hilo hakukuwa na mtu wa kumjibu mwandishi. Mirambo hakuwa na gazeti. Wala Waarabu hawakuwa nalo, ingawa wao walipata bahati ya kuwa wenyeji wa mwenye kalamu, na nao hawakusalimika, kwa maana Stanley aliwaandika kuwa waoga.

Suala la hongo ndilo linalonikaa moyoni zaidi. Stanley alilipa hongo Ugogo, kwa mtemi mmoja baada ya mwingine, akanung'unika lakini akaiita ushuru. Baadaye, katika nchi ya Uha, alipochoka kulipa aliwatorosha watu wake usiku wa manane kuikwepa. Alipoidai Mirambo, ikawa ujambazi. Kweli, Mirambo alipokea kisha akafunga njia, na hilo lilikuwa kosa hata kwa desturi za barabara ile. Ila kufunga njia mbele ya wapinzani wa kibiashara ni jambo ambalo serikali za Ulaya zilikuwa zikilifanya kila siku, na magazeti yakaliita siasa.

Mambo yakageuka mwaka 1876. Aprili 22, huko Serombo, Stanley akiwa katika safari nyingine alikutana uso kwa uso na mtu aliyemkimbia miaka mitano kabla, wakachanjiana damu wakawa ndugu. Kalamu ikabadilika siku hiyohiyo. Jambazi akawa mtu mtulivu, mpole wa maneno, mkarimu, mwenye adabu. Stanley alikuwa amekwisha kumfananisha na Napoleon Bonaparte, na mfano huo ukashika. Waandishi wengi wa nje wamerithiana nao tangu hapo, na watembeza watalii wetu pia. Umeshika kwa sababu unamrahisishia msomaji wa Ulaya: akimjua Bonaparte hana haja tena ya kumjua Mirambo.

Jina la "mfalme" nalo likaingia. Mswisi Philippe Broyon, mfanyabiashara aliyeoa katika ukoo wa Mirambo hata akajiita Broyon-Mirambo, alipeleka kwa Chama cha Kijiografia cha London maelezo ya Unyamwezi, na kichwa chake kiliitaja nchi hiyo kuwa ya Mfalme Mirambo. Wamisionari wa London wakamweka daktari wao, Ebenezer Southon, Urambo mwaka 1879. Konseli wa Uingereza Unguja, John Kirk, akaandikiana barua na Mirambo kama mtu anayefaa kufanya naye kazi. Biashara ilitaka mtu mmoja mwenye nguvu wa kulinda njia, na magazeti yakampata.

Sifa hiyo ikadumu hadi Juni 1880. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ameleta tembo wa India, wakateremshwa pwani karibu na Dar es Salaam, wajaribiwe kubeba mizigo kwenda bara. Kiongozi wao alikuwa Kapteni Carter. Tembo wakafa, na Carter akiwa njiani kurudi pamoja na mwenzake Cadenhead walikutwa Mpimbwe siku ambayo majeshi ya Mirambo na mshirika wake Simba yaliuvamia mji. Wote wawili wakauawa. Southon aliandika kutoka Urambo kumtetea mwenyeji wake kwamba hakukusudia damu ya Wazungu. Hakusikilizwa. Kirk akageuka, na mfalme wa mwaka jana akarudishwa kwenye ujambazi. Vijiji alivyokuwa akivichoma miaka yote ile, na watu waliouzwa humo, havikuwa vimemwondolea cheo. Wazungu wawili walitosha.

Kuna maandishi mengine ya zama zilezile ambayo hayapigi kelele. Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora na kuoa katika ukoo wa utemi wa Unyanyembe, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha kuanzia 1902. Mirambo anatokea humo kama mtawala mwenye ugomvi na Waarabu wa Tabora, mtu wa kutumiana naye wajumbe na kupatana naye. Tippu Tip anamhesabu kama mfanyabiashara anavyomhesabu mwenzake. Naye alikuwa na maslahi yake, na juu ya watumwa wake ni mkavu kupita kiasi. Lakini huo ni usemi wa mtu wa njia, kwa lugha ya njia, na hakumwandikia msomaji wa New York.

Mirambo alifariki Desemba 2, 1884, na dola yake haikukaa. Wajerumani walikuja; Januari 1893 Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake wasimkamate. Reli ikafika Tabora 1912 na wapagazi wakakosa kazi. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Januari 1958 chama cha TANU, kikipigania uhuru, kikafanya hapa mkutano wa uamuzi wa busara.

Baada ya uhuru Mirambo akapewa jina la tatu. Kitabu kidogo cha J. B. Kabeya kinamwita mtawala shujaa wa Kinyamwezi kwenye jalada lake, na vitabu vya shule vikafuata mkondo huo. Nakubali tulihitaji kujibu. Ila "shujaa" nalo ni jina lenye kazi, kama "jambazi" lilivyokuwa na kazi. Linafunika ruga-ruga na walioporwa, na linamfanya mwanafunzi akariri badala ya kuuliza. Kalamu nyekundu inatakiwa ipite hapo pia.

Ingefaa ipite na kwenye vyumba vyetu vya habari. SHIHATA, shirika la habari lililoundwa mwaka 1976 ili tusisimuliwe mambo yetu na wageni, halipo tena. Mapema 2025, Goma, mashariki mwa Kongo, ilipotekwa, kisha wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC wakakutana Dar es Salaam Februari 8, habari nyingi nilizosoma kwa Kiswahili zilikuwa na sura ya taarifa za mashirika ya Ulaya, pamoja na vivumishi vyake. Nani aitwe mwasi, nani mpiganaji, nani mfadhili, yalikuwa yameamuliwa kabla habari haijafika Kigoma, mji uliojaa watu waliotoka Kongo na wenye la kusema.

Kwihara, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji viliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO kama njia kuu ya kati ya watumwa na pembe za ndovu. Karibu miaka 20 baadaye bado ni orodha ya awali, na tembe la Kwihara linaitwa la Livingstone, kana kwamba vita vya 1871 vilipiganwa mahali pengine. Wizara ikitaka kuanza na jambo dogo, itundike ukutani pale barua moja ya Stanley juu ya Mirambo, na kando yake ukurasa wa Tippu Tip. Ya Stanley itabidi itafsiriwe. Wa Tippu Tip uko tayari kwa Kiswahili tangu mwanzo, hautagharimu zaidi ya fremu.