Mlango Ambao Haukufungwa

Nilikuwa na miaka tisa usiku ule mdogo wangu alipoharisha hadi macho yakazama. Bibi alimfinya ngozi ya tumbo, akaona inachelewa kurudi. Kituo cha afya kilikuwa mbali na giza lilikuwa limeshaingia. Akachemsha maji, akayapoza, akapima lita moja, akatia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Alimnywesha kidogo kidogo hadi alfajiri. Mtoto alipotapika, bibi alingoja kidogo, kisha akaanza upya.

Niliamini ile sukari ilikuwa ya kumbembeleza mtoto anywe.

Miaka baadaye, sekondari, nilichora utando wa seli: safu mbili za vichwa vya mviringo, kila kichwa na mikia yake miwili. Nilikariri, nikapata alama zangu, nikasahau. Hakuna aliyeniambia kwamba mchoro ule na chupa ya bibi ni habari moja.

Mchoro wenyewe una historia ya kuchekesha. Mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenzake François Grendel walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji hadi yakawa tabaka la molekuli moja. Yalifunika eneo karibu mara mbili ya uso wa seli zenyewe. Wakahitimisha kwamba kila seli imevikwa tabaka mbili za mafuta: vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani, mikia inayoyakimbia imejificha katikati. Baadaye ikabainika kwamba asetoni haikutoa mafuta yote, na uso wa seli nao walikuwa wameukadiria mdogo kuliko ulivyo. Makosa mawili yakafutana, jibu likasimama.

Utando huo ni mwembamba mno. Ungepanga zaidi ya 10,000 kupata unene wa karatasi moja ya daftari. Hata hivyo, chumvi na sukari haziwezi kujipenyeza tu kwenye mafuta yake. Lazima zipite kwenye milango, nayo milango hiyo ni protini zilizopachikwa humo. Agosti 1960, kwenye mkutano mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba katika seli za utumbo upo mlango unaopitisha sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, pamoja na glukosi. Vikishaingia pamoja, maji hufuata.

Hapo ndipo kipindupindu kinapoingia katika hadithi. Sumu yake huzifanya seli za utumbo zimwage chumvi nje, na maji yakaifuata. Mgonjwa anaweza kukauka na kufa ndani ya saa chache. Ila ule mlango wa Crane sumu haiufungi. Mwaka 1968, huko Dhaka, madaktari vijana David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa maji yenye glukosi na chumvi. Mahitaji ya dripu yakapungua kwa asilimia 80.

Wengi hawakushawishika, hadi vita vya 1971 vya kuzaliwa kwa Bangladesh vilipowasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India. Hospitalini Bangaon, karibu na mpaka, wagonjwa wa kipindupindu walilala sakafuni na dripu zikaelekea kuisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kutumia kinywaji kile. Chumvi, glukosi na magadi vilipimwa na kufungwa kwenye mifuko mjini Calcutta, vikachanganywa na maji kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakachota kwa vikombe na kuwanywesha watu wao. Vifo, vilivyokuwa karibu asilimia 30, vilishuka hadi 3.6.

Nikisoma habari hizo huwa nawafikiria wale ndugu wenye vikombe. Hawakuhitaji kujua habari za utando wala za Prague. Walihitaji kipimo sahihi na subira ya usiku mzima. Bibi alikuwa mmoja wao, ingawa alikuwa mbali nao kwa miaka mingi na bahari nzima. Alifariki kabla sijamwuliza nani alimfundisha.

Mwaka jana mdogo wangu alinipigia simu usiku. Mwanawe anaharisha, pakiti za ORS hana, asubuhi atampeleka kituoni.

"Kaka, bibi alikuwa anapima vipi?"

Nikamtajia: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko, isizidi.

"Na sukari ikiwa kidogo?"

"Usiipunguze," nikamwambia. "Ndiyo inayoipitisha chumvi mlangoni."

Akanyamaza kidogo. Kisha nikasikia kijiko kikigonga chupa.