Kunasa na Kurusha Upya Pakiti za Mtandao: Historia Fupi ya Kasi na Wakati

Neno "kunasa", ambalo lahusu tangu zamani kazi ya mtega ndege, limekwisha kuingia katika kazi ya watafiti wa lugha, ambao hunasa sauti za wasimulizi. Wataalamu wa kompyuta nao wanalo tendo kama hilo: hunasa habari zipitazo katika waya wa mtandao, huziweka katika faili, kisha huzirusha upya katika waya mwingine. Historia ya kazi hiyo ni ya miongo michache tu, lakini yafaa kuchunguzwa, kwa kuwa yaonyesha kwamba ugumu wa kurudia jambo lililonaswa haukuwa sana katika kuyahifadhi maneno yake, bali katika kuuhifadhi wakati wake.

Habari za mtandao hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila kimoja huchukua anwani ya kitokako na ya kiendako. Katika mwaka wa 1988 Van Jacobson, Craig Leres na Steven McCanne, wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, walitunga programu ya kuzinasa iitwayo tcpdump. Katika faili za namna hiyo kila pakiti hutanguliwa na baiti 16 za maelezo: sekunde iliyopita pakiti, mikrosekunde zake, urefu ulionaswa, na urefu wake halisi. Nusu ya baiti hizo, basi, ni za wakati.

Kwamba wakati huo si pambo tu kulidhihirika mwaka wa 1993, Will Leland, Murad Taqqu, Walter Willinger na Daniel Wilson walipochapa uchunguzi wao wa pakiti zilizonaswa tangu mwaka wa 1989 katika maabara ya Bellcore, Marekani. Walionyesha kwamba pakiti hazipiti kwa mwendo uliosawazika. Huja kwa mafungu, kisha hupungua, tena huja. Na umbo hilo lafanana, ama likitazamwa kwa sehemu za sekunde, ama kwa dakika nyingi. Kwa hiyo mwenye kuzirusha pakiti zile zile kwa nafasi zilizo sawa hakurudia yaliyotokea. Ni kama mtu asomaye utenzi bila kutua penye kituo: maneno yote yamo, wala utenzi haumo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Matt Undy, katika kampuni ya Anzen Computing, alitunga programu ya tcpreplay, ambayo baadaye iliendelezwa na Aaron Turner, na tangu mwaka wa 2013 na Fred Klassen. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kuwajaribu walinzi wa mitandao, yaani mitambo itazamayo pakiti zipitazo na kupiga kelele ionapo dalili za uvamizi. Hapo ndipo penye hatari. Mtambo urushao pakiti ukichelewa, mlinzi dhaifu hupata nafasi ya kupumua, naye ataonekana hodari. Na wenye mtandao watamtumainia siku ya shambulio la kweli.

Mitambo ya kawaida ya siku zile haikuwa tayari kwa kazi hiyo. Mfumo wa Linux wa wakati huo ulihesabu mapigo 100 tu kwa sekunde. Programu iliyotaka kulala kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde iliweza kuamshwa baada ya sehemu 10 au zaidi. Dawa iliyopatikana ilikuwa kutolala kabisa, bali kuiuliza saa mfululizo, ijapokuwa kwa kufanya hivyo prosesa nzima ilishughulishwa kwa kungoja. Diski nazo zilikuwa nzito, ikabidi faili yote ipakiwe kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta. Hata njia ya PCI, iliyounganisha kadi za kompyuta, ilipitisha megabaiti 133 tu kwa sekunde katika umbo lake la kwanza, nazo ziligawanywa kwa kadi zote.

Nyaya, kwa upande wao, hazikungoja. Kanuni ya itheneti ya mwaka wa 1983 ilikuwa ya megabiti 10 kwa sekunde. Mwaka wa 1995 zikawa 100. Mwaka wa 1998 ikafika gigabiti 1, na mwaka wa 2002 gigabiti 10. Pakiti iliyo ndogo kabisa, pamoja na alama zinazoitangulia na nafasi inayoifuata, huchukua baiti 84, yaani biti 672. Katika waya wa kwanza pakiti hiyo ilihitaji mikrosekunde 67.2, katika waya wa mwaka wa 2002 yahitaji nanosekunde 67.2, na katika sekunde moja zaweza kupita 14,880,952. Hapo ile saa ya mikrosekunde ilishindwa kazi, maana pakiti 14 au 15 zaweza kupata alama moja ya wakati, isijulikane zilipishana kwa muda gani. Ndiyo sababu baadaye zikatokea faili zenye kuhesabu nanosekunde.

Suluhisho lilitafutwa kwa njia mbili. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, kilitengeneza kadi za DAG, ambazo huiandika saa ndani ya kadi yenyewe kabla pakiti haijaifikia kompyuta. Njia ya pili ilikuwa kuupunguza mzigo wa mfumo wa kompyuta: mwaka wa 2012 Luigi Rizzo, wa Chuo Kikuu cha Pisa, alionyesha kwa netmap kwamba prosesa moja ya megahezi 900 yatosha kuujaza waya wa gigabiti 10 kwa pakiti ndogo kabisa.

Hata hivyo kasi haikuondoa upungufu mmoja. Pakiti zilizonaswa ni nusu ya mazungumzo: zikirushwa kama zilivyo, hazimsikilizi ajibuye, wala hazipunguzi mwendo asemapo kuwa amelemewa. Zamfaa mlinzi atazamaye tu. Mjibuji hawezi kupimwa nazo peke yake. Kwa hiyo kila matokeo ya jaribio la namna hiyo hayana budi kuambatana na maelezo ya mtambo uliorusha na saa iliyouongoza, kama vile matini iliyonakiliwa isivyokamilika pasipo kutajwa mnakili wake.