Sotoka na Mwenye Safari

Ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka uliingia upande huu wa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 kupitia Eritrea, na inadhaniwa ulibebwa na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Kufikia 1891 ulikuwa umeshapita Umaasaini. Mwaka 1896 ukavuka Zambezi.

Waandishi wengi huhesabu ng'ombe waliokufa. Mimi humfikiria zaidi aliyekuwa safarini: alifikaje aendako?

Kusini, jibu ni fupi. Huko mizigo ilivutwa na maksai, mara nyingi jozi nane kwa gari moja. Maksai walipokufa, magari yalitelekezwa kati ya Mafeking na Bulawayo, shehena ikiwa ndani. Ujenzi wa reli ukaharakishwa, na mwaka 1897 Bulawayo ikapata garimoshi.

Huku kwetu mbung'o walikuwa wamekwisha kumnyima maksai sehemu kubwa ya njia za pwani hadi bara. Mzigo ulikuwa kichwani au begani mwa mpagazi, karibu frasila mbili, na sotoka haimuui mpagazi. Kwa hiyo misafara haikusimama. Kilichobadilika ni njia yenyewe. Kabla ya hapo, msafara uliotaka kukatiza Umaasaini ulijikusanya mamia ya watu wenye bunduki, ukabeba shanga, nguo na waya za kulipia hongo ya kupita. Wengi walichagua kuizunguka nchi hiyo. Mpelelezi Oscar Baumann alipoipita mwaka 1892, akafika Ngorongoro mwezi Machi, alikuta Wamaasai waliokonda wakiomba chakula kambini. Njia iliyoogopwa ilifunguka kwa sababu mwenyeji wake alikuwa na njaa. Tunapowasifu wapelelezi wa miaka ile kwa ujasiri, hilo tusiliruke.

Na mwenyeji huyo naye alishika njia. Aliyezoea kuhama akifuata mvua na malisho sasa alifuata shamba la jirani: kwa Wakikuyu, kwa Waarusha, kwa Wachaga. Ziko familia zilizoacha watoto wao kwa Wakikuyu ili wapate kula. Ng'ombe walipoanza kuongezeka, baadhi ya watu walirudi kwao; wengine walikuwa wameshazoea jembe.

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896, ikafika Ziwa Victoria Desemba 1901. Wazungu waliopita Bonde la Ufa waliona nyasi bila mifugo, wakasema nchi ni tupu. Kwa mkataba wa 1904 na Waingereza, Wamaasai wa Naivasha na Nakuru waliondolewa karibu na reli, baadhi wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakaambiwa wahame tena, waende kusini. Safari hii walikuwa na mifugo mingi, na mvua na baridi ya Mau ikawakatiza njiani, wakarudi. Uhamisho ulikamilika 1913, wote kwa miguu nyuma ya ng'ombe wao.