Likizo kwenye visiwa vya Thailand: chagua mwezi kwanza, kisiwa baadaye

Mtu akikuambia anapanga likizo kwenye visiwa vya Thailand, usimuulize anakwenda kisiwa gani. Muulize anakwenda mwezi gani. Wengi huanza na picha ya ufukwe waliyoiona kwenye simu, wakalipa tiketi, wakafika na kukuta mvua ya siku tano mfululizo na boti zimefungwa gatini. Pesa ya akiba ya miaka imeliwa, na bahari yenyewe hawakuigusa.

Wasikilizaji wetu wamekuwa wakiuliza kuhusu safari hii. Wapo wenye watoto wanaofanya kazi Ghuba au Ulaya na wamealikwa kukutana nao huko, na wapo walio kwenye vikundi vya kuweka akiba. Haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujatoa hata senti moja.

NCHI MOJA, BAHARI MBILI

Thailand ipo Kusini-Mashariki mwa Asia na mji wake mkuu ni Bangkok. Saa zao zimetutangulia kwa saa nne: sisi tukiwa saa mbili asubuhi, wao ni saa sita mchana. Fedha yao inaitwa baht.

Sehemu ya kusini ya nchi hiyo ni ndefu na nyembamba, imebanwa na bahari pande zote mbili. Magharibi ni Bahari ya Andaman, ambayo ni sehemu ya Bahari ya Hindi, hii hii inayopiga Tanga, Mombasa na Mtwara. Huko ndiko kuna Phuket, kisiwa kikubwa kuliko vyote nchini humo, pamoja na Phi Phi, Koh Lanta na Similan.

Mashariki ni Ghuba ya Thailand. Huko kuna Koh Samui, kisiwa kilichojulikana kwa minazi kabla ya kujulikana kwa watalii. Jirani zake ni Koh Phangan, maarufu kwa sherehe za usiku wa mwezi mpevu, na Koh Tao, wanakokwenda watu kujifunza kuzamia. Neno "Koh" mbele ya jina maana yake ni kisiwa.

Jambo kubwa ni hili: pande hizi mbili hazipati mvua kubwa kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukilowa, mwingine mara nyingi una jua.

UPEPO TUNAOUJUA

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ataelewa haraka, kwa sababu ni habari ya kusi na kaskazi. Pepo zilizokuwa zikisukuma majahazi kati ya kwetu, Arabuni na Bara Hindi ni sehemu ya mfumo mkubwa unaofika hadi Thailand.

Kusi ukivuka ikweta hupinda na kuanza kuvuma kutoka kusini-magharibi. Hupita juu ya bahari ukibeba unyevu, na hatimaye huupiga upande wa Andaman. Hapo ndipo Phuket na jirani zake hupata mvua, kuanzia Mei hadi Oktoba.

Mwisho wa mwaka upepo hugeuka. Huko Asia huvuma kutoka kaskazini-mashariki, ukapita juu ya Ghuba ya Thailand na kumwaga maji upande wa Samui. Wakati huo Phuket, iliyo nyuma ya nchi kavu, huanza kukauka.

Kwa hiyo ratiba ni hii:

Desemba hadi Machi: nenda upande wa Andaman. Bahari hutulia na maji huwa maangavu. Lakini huu ndio msimu wa watalii wengi na bei za juu, hasa Krismasi na Mwaka Mpya.

Februari hadi Aprili: upande wa Samui ni mzuri sana. Aprili joto huwa kali. Tarehe 13 hadi 15 Aprili ni Songkran, Mwaka Mpya wa Kithai, ambapo watu humwagiana maji barabarani. Ukitoka nje utaloa, hakuna wa kukuonea huruma.

Julai na Agosti: chagua upande wa Samui. Mvua huwepo, ila mara nyingi hunyesha na kupita. Upande wa Andaman wakati huo bahari huchafuka.

Oktoba hadi katikati ya Desemba: epuka upande wa Samui. Novemba ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi huko.

Mkulima anayepata nafasi baada ya mavuno ya masika, mwezi wa saba au wa nane, Samui inamfaa. Mwalimu anayesubiri likizo ya Desemba, Phuket, Krabi au Koh Lanta ndiko kwake.

BEI RAHISI INA SABABU

Ukiona hoteli ya Phuket imeshusha bei mwezi Septemba, jua kwamba ni msimu wa mvua. Si wizi, lakini uelewe unachonunua. Ukitaka kupumzika tu na kula vizuri, unaweza kufurahi. Ukitaka kuzunguka visiwa kwa boti, umekosea mwezi.

Tena usichukulie jambo hili kama suala la pesa pekee. Tarehe 5 Julai 2018, boti ya watalii iitwayo Phoenix ilizama karibu na Phuket wakati wa dhoruba. Watu 47 walikufa, wote watalii kutoka China. Tahadhari ya hali ya hewa ilikuwa imetolewa.

Baadhi ya maeneo hufungwa kabisa. Hifadhi ya visiwa vya Similan hufungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Maya Bay, ufukwe wa Phi Phi ulioonekana kwenye filamu ya The Beach ya mwaka 2000, ulifungwa mwaka 2018 kwa sababu watalii walikuwa wameharibu matumbawe. Ulifunguliwa tena mwaka 2022 kwa masharti, na kuogelea kama zamani si ruhusa. Kabla ya kulipia ziara yoyote, uliza kama eneo liko wazi mwezi huo.

NAMNA YA KUFIKA

Safari nyingi kutoka kwetu hupitia Nairobi, Addis Ababa, Doha au Dubai hadi Bangkok. Kutoka Bangkok kuna njia mbili.

Phuket ina uwanja mkubwa wa ndege, na pia imeunganishwa na bara kwa daraja, hivyo basi linafika. Samui nayo ina uwanja wake, lakini ni mali ya shirika moja la ndege na tiketi zake huwa ghali. Wenye kubana matumizi huenda kwa treni, basi au ndege hadi mkoa wa Surat Thani, kisha hupanda kivuko kwenye bandari ya Donsak. Kivuko cha magari huchukua kama saa moja na nusu.

Usipange kurudi kutoka kisiwani siku ileile ya ndege yako ya kurudi nyumbani. Bahari ikichafuka kivuko husimama, na ndege haikusubiri. Lala Bangkok usiku mmoja kabla ya safari.

KARATASI ZA KUANDAA

Pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha.

Viza: wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda huomba kabla ya kusafiri. Maombi hufanywa kwa mtandao kupitia tovuti rasmi ya serikali ya Thailand. Ubalozi wa Thailand uliopo Nairobi ndio wa kuuliza ukikwama.

Homa ya manjano: nchi zetu zimo kwenye orodha ya zile ambazo msafiri wake lazima aoneshe cheti cha chanjo. Chanjo ipigwe angalau siku kumi kabla ya kuingia Thailand. Siku hizi cheti kinatumika maisha yako yote, kwa hiyo kama ulishachanjwa, tafuta kadi yako ya njano kabatini.

Fomu ya kuingia: tangu tarehe 1 Mei 2025, kila mgeni hujaza fomu ya kuwasili kwa mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure. Tovuti inayokudai pesa ili kuijaza si ya serikali.

Bima ya safari: usiiache. Hospitali za visiwani zinazowahudumia wageni ni nzuri, lakini bili yake inaweza kuuza shamba.

PIKIPIKI

Huko magari hupita kushoto kama kwetu, na pikipiki za kukodi zimejaa kila kona. Kwa sababu hiyo mtu aliyezoea bodaboda hujiona yuko nyumbani. Hapo ndipo wengi huumia. Thailand ni miongoni mwa nchi zenye vifo vingi vya pikipiki duniani, na barabara za visiwani zina miteremko mikali na kona zenye mchanga.

Bila leseni ya pikipiki na kibali cha kimataifa cha udereva, polisi watakutoza faini na bima haitalipa ukianguka. Kofia ngumu ni sheria. Na usimwachie mwenye pikipiki pasipoti yako kama dhamana. Ikitokea mkwaruzo, atakushika kwa pasipoti hiyo.

Njia nafuu ni kupanda songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili nyuma, inayobeba abiria kama daladala. Ulizia nauli kabla ya kupanda.

BAHARINI

Bendera nyekundu ufukweni maana yake usiingie majini, hata ukiona wengine wanaogelea. Upande wa Andaman msimu wa mvua kuna mikondo inayomvuta mtu nje. Ukivutwa, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi nchi kavu.

Upande wa Samui na Phangan kuna konyeza, wanyama laini wa baharini, wa aina ambayo sumu yake imewahi kuua watu. Kwenye baadhi ya fukwe utaona nguzo zenye chupa za siki. Mtu akiguswa, atolewe majini, amwagiwe siki nyingi mahali pale, asisuguliwe, na apelekwe hospitali.

Kwenye boti vaa jaketi la kujiokoa tangu mwanzo. Kama hakuna la kukutosha, shuka.

Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami iliua watu zaidi ya 5,000 nchini Thailand, wengi upande wa Andaman. Mawimbi hayohayo yalivuka bahari na kuua watu hadi Somalia, Tanzania na Kenya. Tangu hapo kumewekwa minara ya tahadhari na vibao vya njia za kukimbilia. Ukifika hotelini, tazama kibao kinaelekeza wapi. Bahari ikijivuta ghafla ikaacha mchanga mtupu, usiende kuokota samaki. Kimbia mlimani.

ADABU YA MGENI

Wathai wengi ni Wabudha. Ukiingia hekaluni, vua viatu, funika mabega na magoti. Usimguse mtu kichwani, hata mtoto, wala usimwelekezee mtu nyayo zako. Mwanamke hamgusi mtawa wa Kibudha.

Upande wa kusini kuna Waislamu wengi, hasa Koh Lanta na Krabi. Misikiti ipo na chakula cha halali kinapatikana bila shida. Mchuzi wa samaki wa nazi utakukumbusha nyumbani, ila pilipili yao si mchezo.

Kumtukana mfalme au familia yake ni kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 3 hadi 15, na maneno ya mtandaoni yanahesabika. Sigara za umeme ni marufuku.

Namba za kukariri: 1155 polisi wa watalii, 1669 gari la wagonjwa.

LIKIZO SI AJIRA

Jambo hili tunalisema wazi. Vijana kutoka Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika wameahidiwa kazi nzuri Thailand, wakatumiwa tiketi, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar. Huko walilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni chini ya ulinzi. Serikali ya Kenya imetoa onyo na kuwarudisha nyumbani raia wake kadhaa.

Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi. Mtu akikwambia uingie kama mtalii halafu kazi utaikuta huko, au dereva akikupokea Bangkok na kuelekea mpakani badala ya mahali mlipokubaliana, hiyo si likizo wala ajira. Kabla hujaondoka, waachie ndugu nakala ya pasipoti, jina la hoteli na namba ya ndege.

MPANGILIO WA KUFUATA

Anza na mwezi unaoweza kuondoka. Mwezi utakuonesha upande wa bahari. Upande utakupa kisiwa. Kisha hesabu nauli, chanjo, viza na bima, na uone kama akiba inatosha. Hoteli iwe ya mwisho. Anayeanza na hoteli huwa amejifunga tarehe kabla hajajua upepo unavuma kutoka wapi.